Maziwa Juu ya Kigoda

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika Lubumbashi jana, kiuno kikiuma kwa treni kutoka Kamina, na leo nimekwenda dukani kununua daftari hili. Nilifundisha darasa la pili mpaka nikastaafu, lakini mkono haukustaafu. Nisipoandika kitu kwa siku najiona kama sijaoga.

Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu, Osée, ambaye ana miezi mitatu. Mama yake ni Dorine, binti yangu wa mwisho. Baada ya wiki mbili anarudi kazini kwenye mizani ya malori, njia ya Likasi. Lori la madini linapanda juu ya bamba la chuma, Dorine anasoma uzito ndani ya kibanda chake na kupiga muhuri. Ni kazi nzuri, na wanaoitamani ni wengi.

Shida ni kwamba Osée hapatani na maziwa ya kopo. Alipokuwa mchanga kabisa Dorine alishikwa na homa, wakampa hayo. Mtoto alitapika, akatoka vipele mwili mzima, mpaka choo chake kikawa na damu. Daktari akasema ya mama tu mpaka akue. Kwa hiyo binti yangu atakamua maziwa kazini, yatasafiri mpaka hapa mtaani Hewa Bora, na mimi nitamnywesha mtoto. Yasipofika, au yasipomtosha, Dorine ataacha kazi. Habari yote ni hiyo.

Atakayeyasafirisha ni mume wake, Gauthier. Yeye anasambaza mikate kwa pikipiki ya magurudumu matatu, na mchana njia yake inapita karibu na mizani. Hapo ndipo penye kazi. Sisi watu wa kaskazini, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni wala hawapeani kitu mkononi. Watu wa Gauthier ni wenyeji wa hapa, wanalima mahindi nje ya mji, upande wa Annexe, nao haya ya ukwe wanaijua vizuri. Nikiingia sebuleni anatoka. Akipita uani nageuka ukutani kama niliyetiwa adhabu. Hata picha ya harusi yao ninaipita haraka. Sijui kama kijana huyu ana akili au hana, ila heshima anayo, na mimi napenda heshima.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimeona ile mashine. Dorine ameletewa na rafiki zake wa kazini: pampu ya umeme, ina koni ya plastiki ya kuweka kwenye titi, mpira mrefu na chupa. Inanguruma kama mzee aliyelala baada ya bukari, ugali wetu. Dorine alikaa nayo kitandani muda mrefu, uso umemkunjamana, halafu umeme ukakatika na mashine ikanyamaza.

"Mama, haitoke," akasema, machozi yakimlengalenga. "Angalia. Inafunika tu chini ya chupa. Mutoto atakunywa nini?"

"Iyi mashini haijue kubembeleza muntu," nikamwambia. "Leta kitambaa na maji ya moto."

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa na wanawake wenzangu shuleni, nilipokuwa namnyonyesha yeye huku nafundisha. Kwanza kitambaa cha moto juu ya titi. Halafu unalikanda taratibu kwa kiganja, kuzunguka, bila kulikomoa. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya lile duara jeusi. Unasukuma kuelekea kifuani, kisha unakutanisha vidole, kisha unaachia. Usivute ngozi. Ukiivuta itakuuma na hutapata kitu.

Tone la kwanza lilichelewa. Dorine akasema, "Unaona?" Nikamwambia anyamaze amwangalie mtoto wake. Osée alikuwa amelala chali, anapigana na soksi. Dorine akamwangalia, akatabasamu, na hapo hapo maziwa yakaruka, yakanipata kwenye miwani.

Tulicheka mpaka Gauthier akakohoa kule nje kutukumbusha kwamba yupo.

11 Novemba

Mvua mchana kutwa. Osée akitaka kucheka, jicho la kushoto linafumba kwanza, halafu la kulia; nawaambia wote ameitoa kwa marehemu mume wangu. Osée analala. Mimi pia.

13 Novemba

Umeme umerudi. Dorine amegundua kwamba akianza kwa mkono, akaweka mashine maziwa yakishaanza kushuka, kisha akamaliza tena kwa mkono, chupa inapanda vizuri. Nimekubali kwamba mashine ina faida yake. Sikusema kwa sauti.

Jumatatu, 17 Novemba

Dorine ameondoka alfajiri na mashine ndani ya mfuko wa kanisani, uso kama wa mtu anayepelekwa kufungwa. Osée alilia kidogo tu. Mimi nililia zaidi, lakini jikoni.

Mchana nikasikia pikipiki. Tulikuwa tumepanga yote kupitia kwa Dorine. Nyuma ya nyumba, kwenye baraza ya jikoni, kuna kigoda. Gauthier anaweka kisanduku cha barafu juu ya kigoda, anakohoa, anakwenda zake. Mimi natoka, nachukua.

Leo alikohoa, halafu nikamsikia anasema kwa sauti kubwa:

"Osée, ambia kambo: maziwa iko pa kiti. Mama anasalimia. Papa anarudi ku mikate."

Kambo ndiyo mimi, nyanya. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, amelala fofofo. Nikajibu kutoka ndani:

"Osée, ambia papa wako: aksanti, aende muzuri, budongo inateleza."

"Osée, ambia kambo: sawa."

Basi tukaelewana vizuri kabisa, sisi watatu.

Chupa yenye nyonyo Osée ameikataa, akaisukuma kwa ulimi kama dawa. Nikachukua kikombe kidogo, nikamkalisha wima, nikagusisha ukingo kwenye mdomo wake wa chini. Alinusa, akatoa ulimi, akalamba kama paka. Tulimwaga kidogo, tukanywa mengi.

22 Novemba

Inswa, wale kumbikumbi wa mvua, wametoka jana jioni, wengi mno, wakaizunguka taa ya jirani. Leo mtaa mzima unanuka inswa wa kukaangwa. Nimekula mpaka nikaona haya.

Jumanne, 2 Desemba

Kuna jambo linanisumbua. Mwanzoni maziwa yalikuwa yanafika bado na joto la Dorine, kwa sababu barafu ilikuwa chache. Sasa Gauthier amepata barafu nzuri kwa wauza samaki, na chupa inafika baridi kabisa. Lakini maziwa yamegawanyika. Chini ni maji maji, rangi yake inakaribia buluu. Juu kuna kitu kizito cha manjano, kimeganda ukingoni.

Nimejua sababu. Ile pikipiki inaruka kila shimo toka njia ya Likasi mpaka hapa, na kreti za mikate zinagonga huku na huku. Maziwa yanatikisika, yanaharibika upande wa juu. Mtoto huyu tumbo lake si la kuchezea.

Nimwambie nani? Gauthier siwezi kumwambia hata kupitia kwa Osée, maana ningekuwa nasema, "Ambia papa wako anaharibu maziwa." Mkwe akisikia hivyo kwa mama mkwe wake atakwenda kujificha Zambia. Nikimwambia Dorine, atamwambia mume wake usiku huo huo. Kijana anajitahidi, sitaki kumvunja moyo.

Nimepata njia yangu. Nachukua kijiko, naondoa kile cha juu chote, nakimwaga chini ya mgomba, kwa sababu kwetu maziwa ya mama hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Yanayobaki nayapasha ndani ya bakuli la maji ya moto. Osée ameyanywa yote na hakutapika.

5 Desemba

Nimeondoa na leo. Masuku, matunda ya porini, yameanza kuuzwa njiani.

9 Desemba

Leo pia. Kijana wa watu, kisanduku amekifunga na mipira miwili. Hajui.

Jumatatu, 15 Desemba

Siku mbaya. Dorine alipewa ruhusa ya asubuhi, tukampeleka Osée kwenye kituo cha afya kupimwa uzito. Mshale wa mizani ulisimama pale pale uliposimama mwezi uliopita. Muuguzi akagonga mizani kwa kidole, akamtoa mtoto, akamrudisha. Pale pale.

"Mama, mutoto haongezeke," akamwambia Dorine. "Unakamua ya kutosha ku kazi?"

Dorine alimvalisha mtoto, tukatoka. Njiani alitembea mbele yangu, haraka. Nyumbani ndipo alipofungua mdomo.

"Malori inapiga honi, Mama. Nikishika titi, banapiga honi. Nikimaliza haraka juu yabo, inabakia ndani. Minajua, kosa njo ya miye."

Amesema atajaribu mpaka mwisho wa Februari. Atakamua mara moja zaidi kila siku. Osée asipoongezeka, anaandika barua ya kuacha kazi na hataki mtu amshauri. Nimemshika mkono. Ni mkono wa mtu aliyechoka.

Nashangaa, maana mtoto anakunywa kila kitu ninachompa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Misa ndefu, kwaya nzuri. Tulichinja bata. Mimi na Dorine tulikula ndani. Gauthier alikula barazani ameupa mlango mgongo, sahani magotini, kwa sababu kula mbele ya mama mkwe ni aibu kuliko zote. Nilisikia tu mifupa ikivunjika. Mwaka mwingine ningefurahia heshima hiyo. Leo niliona ni mtu anayekula peke yake siku ya sikukuu nyumbani kwake.

28 Desemba

Mvua. Uyoga umejaa sokoni. Nimeondoa cha juu, kimekuwa kingi kuliko zamani.

Jumatano, 7 Januari

Dorine alirudi jana anatetemeka. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, jekundu, la moto. Mashine ya umeme haikuwa na nguvu, maana hatukuwa na umeme siku mbili, na kazini kulikuwa na foleni ya malori mpaka barabarani. Hakukamua mchana.

Nilimlaza. Kitambaa cha moto, kiganja, vidole. Uvimbe ulikuwa kwapani, nikaukanda kuelekea chuchu pole pole huku anauma kona ya kitenge. Tulimweka Osée anyonye upande huo huo, kidevu chake kikielekea kwenye uvimbe. Anyonye, tukamue, anyonye. Katikati ya kazi hiyo mlango ukagongwa, na mkono ukapitisha kitu chini ya pazia. Ilikuwa pampu ndogo ya mkono, ya kubinya kwa vidole, isiyotaka umeme. Gauthier ameizungukia mji mzima kwenye mvua, mpaka Karavia, ndipo akaipata.

Hakusema kitu, hata kwa Osée. Nilisikia tu viatu vyake vimejaa maji.

Leo homa imeshuka na titi limelainika. Dorine anabinya pampu yake mpya na inalia kwi, kwi, kama panya mwenye furaha. Anasema kibandani ataibinya kwa mkono mmoja na kupiga muhuri kwa mkono mwingine, na malori yapige honi mpaka betri ziishe. Nimemwona kijana huyu kwa namna nyingine. Namaanisha nimemfikiria, maana kumwona bado.

Jumatano, 14 Januari

Niandike polepole.

Mchana mvua ilikuwa ya kuziba masikio. Nikasikia pikipiki, kisanduku kimewekwa juu ya kigoda, kikohozi. Nikangoja kama kawaida, nikatoka. Sikujua kwamba Gauthier hakuondoka. Njia ilikuwa imekuwa mto, naye amejibanza kwenye kona ya baraza nyuma ya pipa la maji, gunia la unga kichwani, anangoja mvua ipungue.

Nikafungua chupa. Siku hiyo kile cha juu kilikuwa kinene sana. Nikachukua kijiko changu, nikachota, nikarushia mgombani. Nikachota tena.

"Mama! Hapana kumwanga!"

Kijiko kilianguka. Sauti ilikuwa karibu kama ya mtu aliyenishika bega.

"Dorine analia juu ya ile maziwa! Juu ya nini unaimwanga?"

Hakuna Osée hapo katikati. Aliniita mimi. Mkwe wangu amenipigia kelele mimi, mama yake mkwe, kwenye baraza yangu ya jikoni. Nilijifunika uso kwa kitenge. Nikasikia pipa limegongwa, maji yamemwagika, na mtu anakimbia. Alikimbilia mvuani, pikipiki ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Nilikaa chini na chupa yangu. Nilikasirika mpaka nikasahau baridi. Nikapanga maneno ya kumwambia Dorine, na kwamba treni ya Kamina bado ipo.

Dorine alirudi kabla ya wakati wake. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Mama, Gauthier anasema ulikuwa unamwanga maziwa. Analia. Anasema amevunja haya ya bukwe, lakini aliona kwa macho."

"Ile ya juu tu," nikasema. "Iko inaharibika mu njia. Pikipiki inaitikisa. Sikutaka kumupatisha mukwe haya."

"Ile ya juu?"

"Ile ya manjano. Nzito."

Dorine alikaa kwenye kigoda. Alifunga macho, akayafungua.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Alihesabu wiki kwa vidole, na mimi nikaanza kuelewa kabla hajasema.

"Mama," akasema, "ile njo mafuta. Maziwa ikipata baridi, mafuta inapanda. Unazungusha chupa pole pole, inarudi ndani. Banatuambiaka vile pa consultation ya batoto. Ile njo inanonesha mutoto."

Na mimi nilikua karibu na misheni! Tulikuwa tunapigania utando wa juu wa maziwa ya ng'ombe wa masista, anayeupata ndiye mfalme wa siku. Nilijua hivyo kwa ng'ombe, sikujua kwa binti yangu. Nimemnyima mjukuu wangu kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko, nikaunenepesha mgomba. Nimelia mbele ya mtoto wangu bila kujificha.

Dorine akaja akakaa chini karibu nami. Nilingoja anikaripie. Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani naye analia.

"Mugomba," akasema, na hakuweza kumaliza. Alikuwa anacheka. "Mama, angalia mugomba!"

Nikaangalia. Kwa kweli umestawi.

Jumatatu, 19 Januari

Nazungusha chupa. Pole pole, kama Dorine alivyonionyesha, mpaka ile manjano inayeyuka yote ndani. Osée amekunywa akalala na mdomo wazi.

Alhamisi, 22 Januari

Jambo jipya. Gauthier hakanyagi tena baraza ya nyuma. Anaona amenivunjia heshima na hana uso wa kuniletea. Kisanduku anakiacha kwa jirani, Mama Léonie, mwanamke mwema asiyeweza kupita mlango wa mtu bila kusimama. Leo maziwa yalichelewa mpaka Osée amepiga kelele akakauka koo. Mama Léonie alifika na habari za mtaa mzima na barafu imeyeyuka.

"Mama Dorine," akaniambia, "mukwe wako anapita hapa kama mwizi. Mulikosana nini?"

Nikamwambia hatukukosana. Ni heshima.

"Heshima iko muzuri," akasema, "lakini mutoto iko na njaa."

Nikachukua kisanduku, nikaingia kupasha maziwa.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya misa sikurudi nyumbani. Nilikwenda sokoni nikachagua kuku, jike jeusi lenye kelele.

Kwetu kuna njia ya kuondoa haya ya ukwe. Mkwe analeta kuku, mama mkwe anampokea mkononi mwake, halafu kuku huyo wanamla pamoja, uso kwa uso. Baada ya hapo wanaishi kama mama na mtoto. Jambo hilo lilikuwa lipangwe na marehemu mume wangu, naye akafariki, na mimi sikuharakisha. Kila mara nilisema Gauthier ataleta siku yake. Lakini safari hii aliyekosa si Gauthier. Yeye aliona chakula cha mtoto wake kinatupwa akapiga kelele. Baba gani angenyamaza?

Kwa hiyo nimenunua mimi. Mama Léonie aliponiona na kuku kwapani aliuliza, nikamweleza, akashika kichwa.

"Mama mukwe njo analipa kuku? Nani aliona vile?"

"Utaona sasa," nikamwambia.

Gauthier alikuwa anaosha pikipiki mbele ya nyumba. Nilisimama nyuma yake, macho nimeyaweka kwenye kuku, maana ujasiri wangu ulikuwa umeishia hapo.

"Gauthier," nikasema. Sijawahi kutamka jina lake mbele yake. "Shika."

Maji yaliendelea kutoka kwenye mpira, yakatulowesha miguu.

"Mama, hapana. Miye njo nilikosa. Miye njo napashwa kuleta."

"Weye ulilinda mutoto wako. Miye nilimwanga. Shika, iko muzito."

Niliona mikono miwili ikija, ya mtu wa kazi, ina makovu ya tanuri. Ilimpokea kuku kama inavyompokea mtoto, kwa chini. Mama Léonie akapiga kigelegele, na mtaa ukatoka kuangalia.

Gauthier ameomba jambo moja, na alilisema moja kwa moja, sauti chini: kuku asichinjwe kwanza. Atachinjwa siku Osée atakapopimwa akawa ameongezeka. Sikupenda, kwa maana nusu ya njia si mahali pa kukaa. Lakini nimekubali.

30 Januari

Kisanduku kinafika mapema. "Mama, maziwa iko." "Aksanti, Gauthier." Mgongo wangu kwake, mgongo wake kwangu, lakini tunasema.

6 Februari

Kuku ananona kuliko mtu yeyote nyumbani.

10 Februari

Mvua, umeme hakuna. Kwi, kwi, kwi. Dorine anakamua na kuimba.

Jumatatu, 16 Februari

Dorine hakupewa ruhusa. Akasema twende mimi na Gauthier. Kwa hiyo nimevuka Hewa Bora nimekaa ndani ya sanduku la mikate, Osée magotini, nikiangalia mgongo wa mkwe wangu njia nzima. Watu walisimama. Mmoja akauliza mkate wa leo ni bei gani. Gauthier alikwepa kila shimo, hata yale ambayo hayakuwa mashimo.

Kwenye kituo nilishindwa kuangalia. Niliangalia chati ukutani na kumwomba Bikira Maria kwa Kiluba, lugha ya kwetu, maana hicho ndicho ninachoombea kwa nguvu. Nikasikia mtoto analia, mizani inalia, muuguzi anageuza kadi.

"Huyu njo yule yule?" akauliza.

"Njo yule," akasema Gauthier.

"Basi mumemulisha nini? Amepita mustari!"

Sikumbuki nilivyotoka. Gauthier alimpigia simu Dorine hapo hapo uani. Alipoanza kuongea hakuweza, akaweka simu karibu na mdomo wa Osée, na Osée akapiga kelele zake. Upande wa pili nilisikia honi za malori, na binti yangu anawaambia madereva wote wangoje.

Barua ya kuacha kazi haitaandikwa.

Jumapili, 22 Februari

Kuku amechinjwa asubuhi. Nilimpika mwenyewe, na sombe ya majani ya muhogo, na bukari ya mahindi yaliyotoka kwa mama yake Gauthier. Dorine aliweka meza moja, viti vitatu. Osée alikuwa ameshiba amelala, kwa hiyo titi la Dorine lilikuwa limejaa. Alikaa pembeni, kitenge begani, chupa mkononi, akibinya pampu yake.

Mimi na Gauthier tulikaa tunaangalia sahani. Mvuke ulipanda kati yetu. Nilinawa mikono mara mbili.

"Mutangoja mupaka bukari iwe jiwe?" akasema Dorine. "Mama, kula. Gauthier, kula."

Nilimega tonge. Nililifinyanga na kulifinyanga, kama mtoto wa darasa la kwanza anayechelewa kwenda ubaoni. Nilichovya, nikatia mdomoni, nikainua uso. Naye aliinua wake.

Alikuwa na tonge shavuni na anajizuia asicheke. Jicho lake la kushoto likafumba kwanza, peke yake, halafu la kulia. Hivyo hivyo anavyofanya Osée akitaka kucheka. Toka Novemba nilikuwa nawaambia watu mtoto huyu ameitoa tabia hiyo kwa marehemu mume wangu.

"Mama, juu ya nini unaniangalia vile?" akauliza Gauthier.

"Nyamaza," nikamwambia. "Tafuna. Bado ninaangalia."